Leza Ielekezwe Wapi? Kitovu cha Jicho Kabla ya Upasuaji wa Miopia

NEEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji, tuko Moshi na Kaka Elia, mtaalamu wetu wa macho. Msikilizaji wa Sakina, Arusha, ana miopia, yaani haoni vizuri vitu vya mbali, anavaa miwani ya minus 6 tangu sekondari na anataka kufanyiwa leza. Anauliza: "Daktari anajuaje katikati ya jicho langu ni wapi?"

ELIA: Swali zuri mno. Wengi huuliza bei, na kama inauma. Huyu ameuliza jambo litakaloamua ataonaje usiku.

NEEMA: Mimi ningesema katikati ni mboni, lile duara jeusi.

ELIA: Wapo madaktari wanaoifuata mboni. Ila Dada Neema, mboni haitulii. Kwenye mwanga inasinyaa, gizani inatanuka, na haitanuki sawasawa pande zote, kwa hiyo kitovu chake kinahama. Umepimwa kwenye chumba chenye giza, kisha unalazwa chini ya taa ya darubini: kitovu kimeshasogea.

NEEMA: Kinasogea sana?

ELIA: Ni sehemu ndogo ya milimita. Lakini eneo linalosahihishwa lenyewe lina upana wa milimita 6 hivi, hivyo kila chembe ina uzito. Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui: kwa wengi wetu, mstari wa kuona haupiti katikati ya mboni. Unapita kidogo upande wa pua. Tofauti hiyo huitwa pembe kapa. Kwa wenye miopia mara nyingi ni ndogo kuliko kwa wenye hiperopia, wale wanaopata shida kuona karibu, ila kila jicho lipimwe lenyewe.

NEEMA: Sasa daktari anaupataje mstari usioonekana?

ELIA: Kwa mwanga. Unakodolea taa ndogo, naye anatafuta nukta inayong'aa juu ya konea yako, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho ambayo leza huichonga. Ni taswira ya Purkinje, kwa jina la mwanasayansi Mcheki wa karne ya 19. Wengine huweka leza kwenye nukta hiyo, wengine kati ya nukta na kitovu cha mboni. Mimi naunga mkono nukta, hasa pembe ikiwa kubwa.

NEEMA: Na wakikosea?

ELIA: Hapo ndipo ninapoumia. Mtu anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini, anaambiwa amepona. Usiku yuko barabara ya Moshi–Arusha, taa za malori zinavuta mkia, kila taa ina kivuli chake. Analalamika, anajibiwa vipimo viko sawa!

NEEMA: Pole yake. Mashine za siku hizi si zinalifuata jicho?

ELIA: Leza ya eksaima, inayochonga konea kwenye upasuaji uitwao LASIK, ndiyo, ina kifuatiliaji. Upasuaji wa aina nyingine, SMILE, ni tofauti. Pale leza inakata kipande chembamba ndani ya konea, kinatolewa kwa tundu dogo. Kwenye mashine zake za mwanzo hakuna kifuatiliaji: unatazama taa ya kijani, kikombe kinagusa jicho na kulishika kwa mvuto. Ukiyumbisha macho sekunde ile, umejipeleka pembeni mwenyewe. Daktari makini akiona hivyo huachia mvuto na kuanza upya kabla leza haijapiga.

NEEMA: Kumbe mgonjwa naye ana kazi.

ELIA: Kubwa! Na akumbuke, kwa upana wa milimita 6, kila dayopta moja, yaani kila namba moja ya miwani, huondoa takriban mikroni 12 za konea; mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Yeye mwenye minus 6 anapoteza kama mikroni 72, wakati konea ya kawaida ina kama 540 katikati. Kilichotoka hakirudi.

NEEMA: Basi akifika kliniki aseme nini?

ELIA: Aombe kuonyeshwa ramani ya konea yake na kuambiwa pembe kapa ni kiasi gani. Aulize leza itawekwa kwenye nukta au kwenye mboni, na kwa nini. Akiwa na astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mpindo sawa pande zote, aulize watafanyaje jicho likizunguka akilala. Wengine huweka alama ya wino akiwa amekaa. Na kama anavaa lenzi za kuwekwa juu ya jicho, amwulize daktari azivue siku ngapi kabla ya vipimo, kwa sababu lenzi hubadilisha umbo la konea, na ramani itakuwa si ya jicho lake halisi.