Dakika mbili za daktari

Ndugu zangu mnaoanza mwaka wa mazoezi hospitalini, swali langu la kwanza halihusu mapafu. Mgonjwa akija analalamika mgongo, mnamuuliza kama anavuta sigara? Naona mikono michache. Wengine mnaona haya, wengine mnaona ni kazi bure: pakiti ina onyo, na bado anavuta.

Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake wa London walichapisha utafiti wa wavutaji 2,138 waliofika kwa madaktari 28 wa kawaida, kila mmoja na shida yake. Kundi la kwanza liliachwa hivi hivi. La pili lilijaza dodoso tu. La tatu waliambiwa na daktari waache, dakika moja au mbili, basi. La nne waliambiwa hayo hayo, wakapewa kipeperushi na kuarifiwa kwamba watafuatiliwa. Walioacha ndani ya mwezi wa kwanza, na mwaka mmoja baadaye walikuwa hawavuti, walikuwa asilimia 0.3, 1.6, 3.3 na 5.1.

Nasikia mnaguna huko nyuma. Watano katika mia! Lakini daktari haoni mgonjwa mmoja. Russell alipiga hesabu: daktari mwenye desturi hiyo angepata kama watu 25 kwa mwaka, na madaktari wote wa Uingereza wangepata zaidi ya nusu milioni. Hata kliniki maalumu za kuacha sigara, zilizokuwa kama 50, zingeongezwa hadi 10,000, zisingefika hapo.

Mimi linalonishughulisha ni kundi la nne. Kipeperushi sikiamini sana. Nadhani kilichowashika ni kujua kwamba kuna mtu atauliza tena. Arosto ya nikotini huwa kali siku za mwanzo, na wengi hurudia fegi wiki hizo hizo. Basi mpeni tarehe ya kurudi kabla hajatoka mlangoni. Akirudi bado anavuta, msimkaripie. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla hawajaachana nayo kabisa.

Yule anayewasha ya kwanza hata hajanawa uso, maneno peke yake hayamtoshi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina plasta na chingamu za nikotini tangu 2009, na vidonge vya kupunguza hamu ya kuvuta, vareniklini na bupropioni, tangu 2021. Kama dirisha la dawa la hospitali yenu halina hata moja, muulizeni mfamasia kwa nini.