Jina la Mke, Damu ya Mfalme: Nasaba ya Ukoo wa Courtenay

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo mimi na Mwalimu Hamisi tunafuatilia ukoo mmoja wa makabaila wa Ufaransa ya enzi za kati, ukoo wa Courtenay, uliotoa watawala wa Edessa, moja ya dola za Wakristo wa Vita vya Msalaba huko Mashariki, na makaizari wa Konstantinopoli, kisha wazao wake wakatumia zaidi ya karne nzima wakiwaomba wafalme wa Ufaransa wawatambue kuwa ni ndugu zao. Mwalimu, wewe unashikilia kwamba tatizo lao lilianzia kwenye ndoa.

HAMISI: Ndivyo, Bi Zuhura, lakini kabla ya ndoa hiyo hatuna budi kuujua ukoo wenyewe. Mtu wa kwanza anayetajwa ni Athon, aliyejenga ngome mahali panapoitwa Courtenay, katika eneo la Gâtinais kusini-mashariki mwa Paris, yapata mwaka 1000. Habari zake tumezipata kwa mtawa wa monasteri ya Fleury, kando ya mto Loire, ambaye katika karne ya 12 aliendeleza kitabu cha tarehe, yaani cha historia, kilichoachwa na mtangulizi wake Aimoin. Baba wa Athon hatajwi, nami naona ukimya huo unasema mengi, kwa sababu wakati ule mtu alianza kuhesabiwa kuwa kabaila pale alipomiliki ngome, na jina la ngome ndilo likawa jina la watoto wake.

ZUHURA: Kwa hiyo ukoo unaitwa kwa mahali, wala hauitwi kwa babu.

HAMISI: Hasa, na tusilipoteze hilo, maana kesi nzima iko hapo. Mwana wa Athon, Josselin, alimwoa Elisabeth, binti wa Guy wa Montlhéry. Wanawe wawili ndio wanaotuhusu: Miles, aliyebaki Ufaransa na kurithi ngome, na Josselin mdogo, ambaye hakuwa na urithi wa maana nyumbani, akaenda Mashariki baada ya Vita vya kwanza vya Msalaba kumtafuta binamu yake, Baldwin wa Bourcq. Mama zao walikuwa ndugu, wote mabinti wa Guy. Baldwin alipokuwa mfalme wa Jerusalem mwaka 1118, Edessa ikamwangukia Josselin huyo mdogo, ambaye huko anaitwa Josselin wa Kwanza.

ZUHURA: Nayo Edessa haikukaa sana mikononi mwao.

HAMISI: Haikukaa. Mwanawe, Josselin wa Pili, alinyang'anywa mji huo na Zengi, mtawala Mwislamu wa Mosul na Aleppo, mwezi Desemba 1144, naye mwenyewe akakamatwa mwaka 1150 na kufia kifungoni Aleppo mwaka 1159. Ila aliacha binti, Agnes, na kisa cha Agnes ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika nasaba hii, kwa sababu kinaonyesha kwamba elimu ya nasaba ilikuwa na makali.

ZUHURA: Hebu tukieleze polepole, kwani wengi wanamjua mwanawe, Baldwin wa Nne, yule mfalme aliyeugua ukoma, lakini mama hawamjui.

HAMISI: Agnes aliolewa na Amalric, ndugu wa mfalme wa Jerusalem. Mwaka 1163 mfalme akafariki bila mtoto, na Amalric akawa ndiye mrithi. Wakubwa wa nchi pamoja na viongozi wa kanisa wakamwambia kwamba hatavikwa taji mpaka amwache mkewe, kwa kuwa ni ndugu yake wa damu. Sasa tuhesabu pamoja. Guy wa Montlhéry alimzaa Elisabeth. Josselin wa Kwanza ni mjukuu wa Guy, Josselin wa Pili ni kitukuu, na Agnes ni kilembwe. Kwa upande wa pili, Guy alimzaa Melisende, mama wa Baldwin wa Bourcq. Baldwin ni mjukuu, binti yake Malkia Melisende ni kitukuu, na Amalric, mwana wa malkia huyo, ni kilembwe.

ZUHURA: Vilembwe wawili wa mzee mmoja, na sheria ya kanisa wakati ule ilikataza ndoa mpaka kizazi cha saba.

HAMISI: Cha saba, mpaka Mtaguso wa Lateran, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wa mwaka 1215 ulipopunguza mpaka cha nne. William wa Tiro, mwandishi wa tarehe za nchi hiyo, anasema kwamba ndoa ilipovunjwa yeye alikuwa bado masomoni Ulaya, na aliporejea akataka kuujua undani wa udugu huo. Aliyemweleza ni Stephanie, mkuu wa watawa wa kike wa kanisa la Mtakatifu Maria huko Jerusalem, bibi mtu mzima, tena binti wa Josselin wa Kwanza mwenyewe. Yaani mwanahistoria msomi alipotaka nasaba ya wafalme, alikwenda kwa shangazi wa ukoo, naye akamtajia yote kwa moyo.

ZUHURA: Na watoto?

HAMISI: Amalric alikubali kumwacha Agnes kwa sharti kwamba watoto wao, Sibylla na Baldwin, wahesabiwe kuwa halali. Taji likapita kwao wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kwa kweli nasita kuamini kwamba wakubwa wale walisukumwa na hesabu ya vizazi peke yake. Udugu ule ulikuwepo miaka yote ya ndoa, na ingawa Fulcher, patriaki wa Jerusalem, aliipinga ndoa hiyo kwa sababu hiyo, iliachwa isimame mpaka siku Agnes alipokaribia kuwa malkia.

ZUHURA: Turudi Ufaransa, kwa Miles aliyebaki.

HAMISI: Mwana wa Miles, Renaud, aliacha mrithi wa kike, Elisabeth, na yapata mwaka 1150 binti huyu aliolewa na Pierre, mmoja wa wana wadogo wa Mfalme Louis wa Sita. Hapo ndipo mambo yanapogeuka, kwa kuwa Pierre, mwana wa mfalme, ndugu wa mfalme aliyekuwa kitini, alichukua jina la mkewe, Courtenay, na wazao wake wakabeba ngao ya Courtenay, yenye duara tatu nyekundu juu ya rangi ya dhahabu.

ZUHURA: Kwa nini mtoto wa mfalme akubali kuitwa kwa jina la mkwewe?

HAMISI: Kwa sababu ardhi ilikuwa ya mke, na jina lilifuata ardhi. Wala Pierre hakudhani amepoteza kitu. Maua ya yungiyungi, tunayoyajua leo kuwa alama ya wafalme wa Ufaransa, yalikuwa bado hayajawa ngao rasmi ya nyumba yao. Katika mihuri yanaonekana juu ya ngao mwanzoni mwa karne ya 13. Ndugu yake Robert, aliyepata Dreux, naye ukoo wake ulibeba ngao ya mirabaraba isiyo na yungiyungi hata moja.

ZUHURA: Na mwanzoni jina hilo liliwafikisha mbali. Mjukuu wa Pierre kwa binti yake Alice ni Isabella wa Angoulême, aliyeolewa na Mfalme John wa Uingereza mwaka 1200. Naye mwana wa Pierre, Pierre wa Pili, alichaguliwa kuwa kaizari wa Konstantinopoli, wakati mji huo ulipokuwa mikononi mwa Wakristo wa Magharibi, akavikwa taji na Papa Honorius wa Tatu mwezi Aprili 1217, katika kanisa la Mtakatifu Lorenzo lililo nje ya kuta za Roma, ili isije ikaonekana kwamba anadai na mji wa Roma wenyewe.

HAMISI: Ukaizari wenyewe aliuonja njiani tu. Alitekwa na Theodore, mtawala Mgiriki wa Epirus, akafia kifungoni. Mkewe, Yolande, aliyesafiri kwa bahari, ndiye aliyefika, akamzaa huko Baldwin wa Pili, yule ambaye enzi yake ilifukarika hata mwanawe Philippe akawekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Venezia. Taji la Miiba nalo liliwekwa rehani kwao, likakombolewa na Louis wa Tisa na kufika Paris mwaka 1239. Baldwin ni kitukuu wa Louis wa Sita, na Louis wa Tisa ni kilembwe wa Louis huyohuyo wa Sita. Walikuwa ndugu wa nyumba moja. Konstantinopoli ilipotea mwaka 1261.

ZUHURA: Matawi yaliyobaki Ufaransa yakaendelea kushuka daraja.

HAMISI: Yakawa makabaila wa kawaida wa mashambani, mpaka mwaka 1589 Henri wa Nne, wa ukoo wa Bourbon, alipotwaa kiti cha ufalme. Jina Bourbon lilitoka wapi? Lilitoka kwa mke vilevile. Robert wa Clermont, mwana wa Louis wa Tisa, alimwoa mrithi wa Bourbon mwaka 1272, na wazao wao wakaitwa kwa jina hilo. Tofauti ni kwamba Robert alibaki na yungiyungi kwenye ngao yake. Basi kuanzia mwaka 1603 akina Courtenay wakamwomba Henri, kisha Louis wa Kumi na Tatu na wa Kumi na Nne, watambuliwe kuwa wana wa damu ya kifalme, kwa hoja kwamba wao pia wametokana na mfalme, baba kwa baba bila kukatika. Mwaka 1661 Jean du Bouchet alichapisha nasaba yao nzima, akaiita kabisa historia ya nyumba ya kifalme ya Courtenay.

ZUHURA: Kwa ushahidi wa nasaba, walikuwa na haki?

HAMISI: Kwa nasaba walikuwa na haki kamili, na sijaona hoja ya kuwapinga. Ila mfalme akishawatambua ndugu wapya, amewatambua pamoja na vyeo vyao, nafasi zao barazani na zamu yao ya kurithi kiti, na hakuna mfalme aliyeona faida ya kulipa gharama hiyo kwa ajili ya babu aliyekufa mwaka 1137. Wanaume wa ukoo wakaisha katika miaka ya 1730. Hélène de Courtenay, aliyeolewa katika ukoo wa Bauffremont, aliandikwa kuwa binti wa damu ya kifalme ya Ufaransa, na mwaka 1737 Bunge la Paris, ambalo kwa kweli lilikuwa mahakama, likaamuru maneno hayo yafutwe.