Jicho Linapotokeza na Chanzo Hakionekani

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari wenzangu, matabibu na wauguzi mliofika hapa Mbeya kutoka Rungwe, Makete na Iringa, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Ugonjwa nitakaouzungumzia una jina la ajabu kidogo, kwa kuwa jina lenyewe ni kukiri kwamba hatujui: inflamesheni (yaani uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili) ya tundu la jicho isiyojulikana chanzo. Zamani uliitwa uvimbe bandia, kwa sababu ulidhaniwa kuwa saratani, lakini kinyama kilipopimwa kikaonyesha chembe za kinga tu. Mgonjwa huja na jicho, mara nyingi moja, lililoanza kuuma na kutokeza ndani ya siku chache. Kope imevimba, na pengine anaona vitu viwiliviwili.

Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha, kwa hiyo tunaufikia kwa kuondoa mengine. Tuanze na maambukizi, hasa yatokayo kwenye mashimo ya hewa kando ya pua, kwani hayo yanaweza kupofusha au kufika ubongoni. Kisha tuitazame tezi ya shingo, kwani ugonjwa wake nao huweza kutokeza macho. Skani husaidia hapa: katika ugonjwa wa tezi misuli ya jicho hunenepa katikati na kano, yaani ncha zinazoishikiza misuli hiyo, kwa kawaida hubaki nyembamba, ilhali katika huu wetu kano nazo mara nyingi huvimba. (Rovu la upungufu wa madini joto, tulilolizoea huku milimani, ni jambo jingine.) Kwa mtoto, jicho linalotokeza kwa kasi lipelekwe haraka likachunguzwe saratani. Na katika mikoa yetu, ambako VVU vimeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, kifua kikuu na limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, visisahaulike.

Nitakalosisitiza ni prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe. Mgonjwa akinywa, maumivu yanaweza kutulia ndani ya siku mbili, nasi tukajipongeza kwamba tumepatia. Lakini limfoma nayo husinyaa kwa dawa hiyohiyo, na maambukizi hupata mwanya wa kusambaa. Nafuu hiyo, kwa maoni yangu, imewadanganya wengi wetu, nami nimo. Uvimbe ukirudi kila dozi ipunguzwapo, au ukiwa haufanani na maelezo ya kawaida, kinyama kichukuliwe. Na barua ya rufaa itaje uwezo wa kuona siku ya kwanza, pamoja na tarehe na kiasi cha kila dozi aliyokunywa, kwa sababu mpimaji asiyejua kwamba mgonjwa ameshakunywa steroidi anaweza kutoa jibu lisilo sahihi.