Gia Ndiyo ya Mwisho Kushukiwa: Mhadhara kwa Mafundi wa Matrekta ya Bustani, Kampala

Ndugu mafundi, hili nimelisema mpaka koo limekauka, na leo nalisema tena: trekta la kukata nyasi likikataa kupanda mlima, gia ndiyo ya mwisho kushukiwa. Hapa kwetu ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Fundi anafika, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, "gia imekufa, mzee," na mwenye mali anatumwa Kisekka, soko la vipuri, akatafute kitu ambacho huenda Kisekka hakipo.

Mnajua jinsi gia ya haidrostatiki inavyofanya kazi, sitapoteza muda. Injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha ekseli. Pedali inainamisha sahani ndani ya pampu, basi. Kwa hiyo swali ni moja: nguvu imepotelea kabla ya oili, ndani ya oili, au baada yake?

Uliza kwanza: linachoka likiwa baridi au likiwa moto? Likiwa dhaifu tangu dakika ya kwanza, tafuta nje. Likianza vizuri, likalegea baada ya nusu saa, kisha likapoa na nguvu ikarudi, hiyo ni oili iliyokuwa nyepesi kwa joto, inapenya palipolika ndani. Ndiyo maana muuzaji mjanja hukuonyesha trekta asubuhi, bado baridi, kwenye sakafu tambarare. Mwambie akuachie nusu saa kwenye mteremko, Kampala milima haikosekani. Akianza kutoa sababu, rudi nyumbani na pesa zako.

"Lakini mwalimu, likichoka moto si basi gia imekwisha?" Banange, subirini! Inueni kiti, mchungulie juu ya gia. Pana feni ndogo ya plastiki na mapezi ya kupoza. Paspalum, nyasi ya bustani, iliyokatwa mvua ikinyesha inajibana pale, inakauka, inakuwa kama udongo wa kukandika nyumba. Feni nayo imevunjika mabawa mawili, matatu. Gia hiyo inapikwa! Toeni uchafu kwa kijiti na brashi, si kwa maji ya presha yanayopigwa kwenye sili za shafti, badilisheni feni, halafu pimeni upya.

Sasa kipimo ninachokipenda. Zima visu. Weka pua ya trekta kwenye mti mnene, watu wakae mbali, injini kwa kasi ya juu, kanyaga pedali polepole, sekunde chache tu. Magurudumu yakiteleza kwenye nyasi, gia ina nguvu; malalamiko yanatoka kwingine. Mkanda ukilia, au ukizima injini ukaukuta mkanda unang'aa pembeni na unanuka mpira, basi ni mkanda, au springi ya kukazia imelegea, au puli ya kukazia imekwama kwa kutu. Injini ikiendelea kuimba sauti ileile, puli ya gia inazunguka, magurudumu yametulia, hapo ndipo unaruhusiwa kuanza kuitazama gia yenyewe. Na hata hapo, polepole.

Maana kuna fimbo ya kuachia, ile iliyo nyuma chini ya fremu, ya kusukumia trekta kwa mkono. Mtu alilisukuma kulipakia kwenye lori, akaivuta, akaisahau. Au imepinda, hairudi hadi mwisho. Zima injini, rudisha fimbo, achia breki, sukuma trekta: lazima liwe zito. Likiteleza kama toroli, tazama ekseli. Ekseli ikisimama huku gurudumu likizunguka, ufunguo wa ekseli umekatika. Kwenye ekseli za robo tatu ya inchi ni kijichuma cha mraba cha kama milimita tano. Kijichuma hicho ndicho kilichofanya watu wauziwe gia nzima.

Oili, kwa haraka, naona saa inanitazama. Msiweke oili ya gia za magari, wala ile nyekundu ya gia otomatiki kwa sababu tu ipo dukani. Gia nyingi ndogo za kampuni ya Hydro-Gear zinataka oili ya injini, 20W-50. Gia ya K46 ya kampuni ya Tuff Torq haina nati ya kumwagia chini. Unaishusha nzima, unaigeuza, inamwaga. Ukisharudisha oili lazima utoe hewa: nyuma juu ya stendi, si jeki peke yake, fimbo ya kuachia imevutwa, injini polepole, pedali mbele na nyuma mara tano au sita. Kisha rudisha fimbo, rudia. Ukiiruka hatua hii utasikia gia ikinguruma na utailaumu bure.

Trekta likitambaa pedali ikiwa katikati: rekebisha fimbo za pedali. Likienda mbele lisirudi nyuma: fimbo hizohizo kwanza, kisha valvu ya upande huo. Oili nyeupe kama maziwa: maji yameingia, mara nyingi yamepita kwenye sili.

Lile lililoegeshwa nje linachoka moto, na chini ya kiti chake hakuna aliyechungulia. Nani ana kijiti na brashi?