Uso wa Kigunduzi, Mahali Ambapo Mlima Hausaidii

Mabibi na mabwana, nimelisema jambo hili mara nyingi, na nalirudia kwa sababu swali ni lile lile: ikiwa vigunduzi vya gerimani, yaani fuwele za elementi hiyo tunazozitumia kuwinda tukio adimu la kiini cha atomu, vimewekwa katika maabara ya Gran Sasso, Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba, kelele, yaani ishara za uongo, inatoka wapi? Inatoka juu ya kigunduzi chenyewe.

Mwamba huzuia miale itokayo angani. Hauondoi kilichoingia pamoja na kigunduzi. Tuifuate atomu moja ya radoni, gesi yenye mnururisho, katika hewa ya chumba cha kazi. Nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu kubunguka (kuvunjika na kutoa mnururisho), ni siku 3.8, lakini inapobunguka, mazao yake hunata juu ya gerimani na kuishia kuwa risasi-210 (aina ya metali ya risasi), yenye nusumaisha ya miaka 22. Hiyo huzaa poloni-210, inayotoa chembe ya alfa, yaani kiini cha heli, yenye nishati ya kiloelektronivolti 5,304. Uzembe wa saa chache hewani hulipiwa kwa miaka yote ya jaribio.

Mtu ataniambia kwamba 5,304 iko mbali na 2,039, tunapoisubiri ishara ya mbunguo beta maradufu usio na nutrino wa gerimani-76, yaani kiini kutoa elektroni mbili bila nutrino; ndilo tukio tunaloliwinda. Ingekuwa hivyo kama nishati yote ingesomwa. Alfa hupenya mikromita ishirini hivi tu. Penye tabaka la lithi kwenye uso wa kigunduzi, lenye unene wa karibu milimita moja, huishia humo bila kuonekana. Lakini kwenye uso mwembamba unaotenganisha elektrodi mbili, yaani ncha zinazokusanya umeme, sehemu ya chaji ya umeme iliyozalishwa na alfa hunaswa, nishati inayosomwa hupungua, na tukio huweza kuangukia palepale tunapotazama. Nimekaa usiku kucha tukisogeza chanzo cha amerisiamu-241, kinachotoa alfa, ndani ya ombwe, milimita kwa milimita, na kila hatua kilele cha alfa, yaani nishati iliyosomwa mara nyingi zaidi, kilihama. Chanzo ni kile kile, kigunduzi ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali tu.

Bahati njema, chaji iliyonaswa huachiwa polepole, hivyo mkia wa mpigo wa umeme unaosomwa huendelea kupanda baada ya wakati wake. Kwa alama hiyo jaribio la MAJORANA, huko South Dakota, Marekani, liliwatambua alfa na kuwatupa.

Kuhusu kali-42 (potasiamu yenye mnururisho), ambayo ioni zake huvutwa kutoka kwenye arigoni ya kimiminika hadi usoni, muda hauniruhusu. Ila beta zake, yaani elektroni inazotoa, hupenya hata tabaka la lithi. Ninachodai ni kimoja: kila muundo mpya wa kigunduzi upimwe uso wake kwa alfa na beta maabarani, kabla haujashushwa chini ya mlima.