Bega na Kiwiko: Nyuzi 5,000 Zinavyolengwa Angani

Jioni njema, ndugu zangu. Kitt Peak, jimbo la Arizona nchini Marekani, ina darubini ya Mayall yenye kioo cha mita 4. Juu yake kimefungwa chombo kiitwacho DESI, ambacho tangu Mei 2021 kinachora ramani ya galaksi. Darubini ikielekezwa kwenye kipande cha anga, nyuzi 5,000 za kioo, zinazopeleka mwanga hadi kwenye spektrografu (kifaa kinachochambua mwanga kwa rangi zake), hulengwa kwa pamoja, kila uzi na shabaha yake.

Zamani, mradi wa SDSS, nao wa kuchora ramani ya anga, ulitoboa matundu kwenye sahani za alumini, mafundi wakachomeka nyuzi kwa mkono. Sahani moja, kipande kimoja cha anga. DESI imempa kila uzi roboti yake.

Itazameni hiyo roboti moja. Unene wake ni kama wa kalamu, ndani mna mota mbili zenye kipenyo cha milimita 4: moja ya bega, nyingine ya kiwiko. Kutoka begani hadi kiwikoni ni milimita 3, na kutoka kiwikoni hadi kwenye uzi milimita 3 tena. Kiwiko kikikunjwa kabisa uzi hurudi katikati. Kikinyooshwa, hufika milimita 6. Lakini jirani yupo milimita 10.4 tu, naye ananyoosha 6 zake! Kwa hiyo kabla mota haijaguswa, programu huamua nani akunje na nani apite.

Kiini cha uzi, pale mwanga unapoingia, kina upana wa mikroni 107 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukikosea mikroni 50, sehemu kubwa ya mwanga imepotea, na mota hizi hazina kihisi cha kusema zimefika wapi. Basi hatuziamini. Baada ya mwendo wa kwanza, nyuzi humulikwa kinyumenyume kutoka kwenye spektrografu, na kamera iliyo katikati ya kioo kikuu hupiga picha ya vidoa vya mwanga kwenye ncha zake. Kila uzi husogezwa tena kidogo, hadi kosa libaki mikroni chache.

Hewa ya vuguvugu ndani ya kuba huvitikisa vidoa pichani, ndiyo maana kuna taa zisizosogea za kulinganishia. Usumbufu mkubwa zaidi ni giaboksi: meno yakiharibika, kiwiko huzunguka pungufu ya kilichoagizwa, na roboti nyingine hukwama moja kwa moja. Iliyokwama haiachwi bure. Uzi wake ukiangukia mahali pasipo na nyota wala galaksi, hupima mng'ao wa anga tupu, na mng'ao huo ndio unaoondolewa kwenye spektra (mwanga uliochambuliwa kwa rangi) za wenzake.