Niambie ni Sekunde ya Ngapi

Asanteni. Kaeni, kaeni, muda wenyewe mdogo. Walionisikia huko nyuma wanajua ninakoelekea, na wanaruhusiwa kusinzia mpaka nifike kwenye dramu.

Mtu amechukua muziki wa gemu la zamani, akaupiga kiroki, kwa magitaa na dramu, akakuletea: "Hebu sikiliza, uniambie." Unamjibu nini? "Kali sana!" Au unavuta mdomo: "Mh, bado bado." Yote mawili ni sawa na kunyamaza, ila anayenyamaza hajamdanganya mwenzake kwamba amesaidiwa.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Kijana mmoja aliniletea rimiksi ya namna hiyo, ya muziki wa gemu la Nintendo la miaka ya 80. Nikaisikiliza mara moja, nikamwambia, "Inakosa hisia." Nikajiona mwalimu. Akaenda zake. Baada ya wiki tatu akarudi: dramu amerekodi upya, mwangwi ameongeza, gitaa la solo linalia kama limefiwa. Nikasikiliza. Bado inakosa hisia! Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikausikiliza muziki wa asili, halafu wake, kipande kwa kipande.

Tatizo lilikuwa sekunde ya 48. Ile mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu ilikuwa na chaneli tano tu, yaani njia tano za kutolea sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya mawimbi ya pembetatu ambayo mara nyingi ndiyo besi, moja ya kelele kwa ajili ya dramu, na moja ya vipande vya sauti iliyorekodiwa. Mtunzi hana nafasi ya kumwaga kodi nzima (nasema kodi za gitaa, nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zile za serikali waulizeni wengine). Kwa hiyo huzuni yote ya kipande kile ilikuwa imebebwa na nota moja kwenye chaneli ya pili. Ni nota ya tatu ya kodi, ile inayoamua kama muziki unacheka au unalia. Kijana wangu alikuwa anapiga ya kwanza na ya tano tu, kama wafanyavyo wapiga gitaa wengi wakishawasha distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la roki. Ya tatu ameiacha njiani, na huzuni imebaki nayo hukohuko.

Namwona mpiga gitaa pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unalotaka kusema: ukiitia ya tatu kwenye distosheni nzito, sauti inageuka tope. Kweli kabisa. Distosheni inazalisha masafa mapya kutokana na nota zinazopigwa pamoja. Ya kwanza na ya tano zinapatana, ukiingiza ya tatu ugomvi unaanza. Lakini nani kasema ikae kwenye gitaa hilohilo la rizimu? Lipe gitaa la pili, nota mojamoja, juu kidogo. Kipe kinanda. Mimi ningesema tu: "Sekunde ya 48 wimbo wa asili una huzuni, wako hauna, sikia chaneli ya pili inafanya nini." Kijana angemaliza kazi jioni ileile. Badala yake, wiki tatu, ndugu zangu! Na dramu za kwanza zilikuwa nzuri kuliko za pili.

"Lakini mimi sijui nota ya tatu wala ya kumi." Vizuri, usiijue. Sema, "Dakika ya pili na sekunde kumi, melodi ilinipotea." Basi. Sikio la msikilizaji asiyesoma muziki linapaona mahali penye ubovu vizuri tu. Hukosea pale linapojifanya fundi. Atakwambia punguza gitaa, kumbe besi na dramu ya mguu zinagombania nafasi moja huko chini, na gitaa halina kosa. Ripoti ulichosikia na mahali ulipokisikia. Dawa ni pendekezo, mwenyewe ataijaribu au ataitupa.

Na hii ya "wimbo wa asili ulikuwa bora"! Hapo hujazungumzia rimiksi, unalilia utoto wako. Kwanza muulize mwenzako alitaka nini. Kama alikusudia kuugeuza wimbo wa mapigano uwe wa polepole, usimlaumu kwa kukosa kasi. Uliza kama upole wake umefika.

Sifa nazo zinahitaji sekunde. Sisemi tufunike kombe mwanaharamu apite. Nasema ukimwambia "pale gitaa la solo linapoingia, usipaguse," umemzuia asibomoe ukuta mzuri wakati anatengeneza dirisha.

Naoneshwa saa. Haya, haraka. Ukilinganisha miksi (mchanganyiko wa sauti zote za wimbo) ya zamani na mpya, sawazisha sauti kwanza. Yenye sauti kubwa hudanganya sikio kwamba ndiyo bora. Dramu za kompyuta: kama kila pigo lina nguvu 127, kiwango cha juu kabisa, hakuna binadamu anayepiga hivyo, na kama yanasikika matoazi matatu na ngoma mbili kwa pigo moja, mhesabie mpigaji mikono. Mwisho wa wimbo: muziki wa gemu hujirudia mpaka mchezaji avuke hatua au afe, kwa hiyo rimiksi nyingi hazijui kufa. Nilikuwa na mengi hapo, na juu ya kasi, na juu ya wanaomiksi kwa spika za simu... basi, basi, nimesikia.

Mwenye spika, weka ile rimiksi. Ichezeni mara mbili. Kila mmoja ashike kalamu, aandike sekunde kwanza, maoni baadaye. Atakayeniletea karatasi yenye "kali sana" bila namba, nitaisoma mbele ya mwenye wimbo. Yumo humu ndani, na ana wiki tatu nyingine za kupoteza.